Mhariri ameondoa alama zote za mshangao katika hadithi yangu. Je, Kiswahili kinazihitaji?

BiKalamu (mwanzisha uzi)
Habari zenu wanajukwaa.

Nimerudishiwa hadithi fupi niliyoipeleka kwa mhariri mwezi uliopita. Hakubadilisha kisa wala wahusika, lakini alama za mshangao zote amezifuta, na nukta tatu za dukuduku amezibakiza mahali pawili tu. Hadithi inahusu mke wa mvuvi anayengoja ufukweni wakati wa kusi. Nilikuwa nimeandika hivi:

*Chombo kimerudi... Athumani hayumo!!!*

Sasa inasomeka hivi:

*Chombo kimerudi. Athumani hayumo.*

Pembeni ameandika: "Habari yenyewe inatisha, haihitaji kupigiwa kelele." Nimeisoma mara nyingi na bado sijatulia. Mimi huandika kwa sauti, yaani husikia sentensi kabla ya kuiandika, na hapo penye dukuduku ndipo pumzi ya yule mama inapokatika. Nukta imeifanya sentensi ifanane na taarifa ya bandarini. Naomba maoni yenu: je, alama hizi ni sehemu ya sanaa ya mwandishi, au ni pambo ambalo Kiswahili hakina haja nalo?

PrufuYaPili
Nimefanya kazi ya uhariri kwa miaka mingi, kwa hiyo nitamtetea mwenzangu nisiyemjua. Alama tatu za mshangao hazimwonyeshi mke wa Athumani. Zinamwonyesha mwandishi akiwa amesimama nyuma yake na kumwelekeza msomaji pa kushtuka. Yule mama hajashtuka bado. Anahesabu vichwa chomboni, na nukta ile ya katikati ndiyo kuhesabu kwenyewe.

Jambo la pili ni la lugha yetu. Kiswahili kina maneno yanayofanya kazi ambayo lugha nyingine zimeiachia alama. "Kumbe" ni mshangao unaotamkika. "Eti" ni alama za mtajo: ukiandika kwamba fulani ni eti daktari, hakuna haja ya kulizungushia neno "daktari" vijimkato ili msomaji ajue kwamba humwamini. "Basi" mwishoni mwa usemi ni nukta, tena nukta nzito. Ndiyo maana napunguza alama katika miswada ya Kiswahili kuliko ninavyofanya katika miswada ya Kiingereza.

MwalimuWaMagharibi
Asante, PrufuYaPili, lakini hoja ya "kumbe" naipinga. "Kumbe" huonyesha kwamba msemaji amegundua jambo asilolijua. Haionyeshi ameligundua kwa furaha, kwa hasira au kwa kukata tamaa. Hapo ndipo alama inapoingia.

Nadhani pia jina la alama limetupotosha. Bi Kalamu anaiita alama ya mshangao, kama ilivyo desturi Tanzania. Sisi Kenya tunafundisha kwamba ni alama ya hisi. Jina la kwanza linaifunga kwenye mshtuko; la pili linaifungulia hisia zote, ikiwemo huzuni. Kwa jina la kwanza, mhariri ana haki ya kuuliza ni nani aliyeshangaa. Kwa jina la pili, swali hilo halipo, kwa sababu mwanamke asiyemwona mumewe chomboni ana hisi, ashangae asishangae.

Nakiri kwamba jina letu nalo limeleta matatizo yake. Wanafunzi wamekariri kwamba kila kihisishi hufuatwa na alama hiyo, basi katika insha moja utakuta "Lo!", "Ala!", "Salaale!" na "Masalale!" zikiwa zimejipanga katika aya mbili, na hakuna hata moja inayokufanya uinue kichwa.

MzeeWaTaipureta
Salaam kwenu. Mimi si mwandishi. Nilikuwa mpiga chapa, na nataka kuongeza jambo ambalo vijana huenda hamkulishuhudia.

Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha alama ya mshangao. Uligonga ritifaa ('), ukarudisha gari la mashine nyuma nafasi moja, kisha ukagonga nukta chini yake. Migongo mitatu kwa alama moja. Alama tatu za Bi Kalamu zingenigharimu migongo tisa, na kama utepe ulikuwa umechoka, nukta haikukaa sawasawa chini ya ritifaa. Kwa hiyo tuliitumia pale tu ambapo mwenye barua alisisitiza, na aliyesisitiza alikuwa na sababu. Ninapoona leo mtu ameziweka tano kwa kubonyeza kidole kimoja, najua kwamba hazikumgharimu kitu, na huenda ndiyo maana hazinigusi.

PrufuYaPili
Mzee, shikamoo. Nitaiazima hoja hiyo ya migongo tisa kila nitakapozungumza na waandishi.

MzeeWaTaipureta
Marahaba. Iazime, lakini irudi.

KijanaWaUzi
Mimi naona tunajisumbua. Alama hizi zote zililetwa na wamisionari pamoja na hati za Kilatini. Wazee wetu walitunga tenzi kwa karne nyingi bila mkato hata mmoja na walieleweka. Mwandishi wa Kiswahili anayeziacha kabisa anarudi nyumbani.

MwanaWaLamu
Ndugu KijanaWaUzi, nusu ya maneno yako ni kweli, na nusu hiyo inahitaji kuelezwa vizuri.

Ni kweli kwamba tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hazikuwa na mkato na nukta tunazozijua leo. Hata hivyo, si kweli kwamba hazikuwa na vituo. Utenzi una mizani nane katika kila kipande, vipande vitatu vyenye kina kimoja, na cha nne chenye kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Sikio likisikia kina, linajua kwamba kipande kimekwisha. Likisikia kina cha bahari, yaani kile kinachorudi, linajua kwamba ubeti umekwisha. Kina ndicho kilichokuwa kituo. Aidha, katika baadhi ya miswada, vipande hutenganishwa kwa alama ndogo au kwa nafasi, ili macho yasaidie sikio.

Jambo hili hatujaliacha mpaka leo. Tazameni mshororo huu nilioutunga sasa hivi kwa ajili ya Bi Kalamu:

*Chombo kimerudi pwani, Athumani sikumwona*

Mkato ule uko mwishoni mwa ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, baada ya mizani nane, nao unamwambia mwimbaji kwamba kina cha kati kimefika na anaweza kupumua. Hapa umeangukia pia mahali ambapo sarufi ingeukubali. Lakini haiwi hivyo kila mara:

*Nimemwona mtu yule, mrefu kapanda punda*

Mwalimu wa sarufi atasema mkato umemtenga "mtu yule" na sifa yake. Mshairi hatauondoa, kwa sababu haukuwekwa kwa ajili ya sarufi.

MwalimuWaMagharibi
Mwalimu wa sarufi hatasema hivyo, kwa sababu naye huimba. Lakini atasema kwamba kumbe tuna mikato miwili inayofanana kwa sura: mmoja ni wa pumzi na mwingine ni wa maana. Vitabu vyetu huorodhesha majina "koma", "mkato" na "kipumuo" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi ningependa kipumuo kiwe cha washairi na mkato uwe wa wengine.

TalibuWaZamani
Naomba niongeze katika aliyoyasema MwanaWaLamu, na niyasahihishe kidogo maneno ya KijanaWaUzi.

Mtoto wa pwani aliyepita chuoni, yaani madrasa, alijua vituo kabla hajaona kitabu cha shule. Katika msahafu kuna alama za waqfu, yaani za kutua, juu ya mistari: mim ndogo inayolazimisha kutua, lam-alif inayokataza, jim inayoruhusu. Iliyonishangaza zaidi nikiwa mtoto ni ile ya vitone vitatu vinavyokuja mara mbili karibu karibu. Kanuni yake ni kwamba ukitua penye vya kwanza, usitue penye vya pili. Na ukipita vya kwanza, unaweza kutua penye vya pili. Mfano wake uko mapema kabisa, katika aya ya pili ya Suratul Baqara. Maneno ni yaleyale, lakini pa kutua pakibadilika, neno la katikati linahama kutoka sentensi moja kwenda nyingine, na yote mawili ni sahihi.

Sijaona alama yoyote ya kuandikia hadithi inayoweza kufanya hivyo. Nukta hukata neno, nukta mkato hulipunguza, na dukuduku huliacha wazi, lakini hakuna inayomwambia msomaji: chagua mojawapo, usichague zote mbili.

KijanaWaUzi
Nashukuru kwa masahihisho. Basi nibadilishe kauli: vituo vilikuwapo, lakini havikuwa vya kuandikia barua na hadithi. Nimekosea hapo pia?

TalibuWaZamani
Hapo hujakosea. Alama za waqfu ni za msahafu. Hata Kiarabu chenyewe kilichelewa kuwa na alama za kuandikia nathari ya kawaida kwa utaratibu mmoja: Ahmad Zaki aliandika risala yake juu ya alama za uakifishaji mjini Cairo mwaka 1912. Kwa hiyo mkato ulioinama na alama ya kuuliza iliyogeuzwa, mnazoziona katika magazeti ya Kiarabu, ni vitu vya karibuni. Barua za zamani za pwani zilijigawa kwa maneno: "ama baada ya salamu", "na pia", "tena", "wasalaam". Aliyesoma barua alijua kwamba penye "ama baada" salamu zimekwisha na shida inaanza.

NuktaPacha
Na kule zilikoanzia pia zilikuwa za kusomea kwa sauti. Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Iskanderia nchini Misri, mnamo mwaka 200 kabla ya Kristo, aliweka nukta za vimo vitatu tofauti kuonyesha mtuo mfupi, wa kati na mrefu. Maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa mfululizo bila nafasi, na msomaji alihitaji kujua pa kuvuta pumzi. Mimi nasimama upande wa Bi Kalamu: alama ni ya mapafu kwanza, sarufi baadaye.

DadaWaMwanza
Jamani, mapafu tumeyasikia. Mimi nataka kuzungumzia maana, kwa sababu imewahi kunitokea.

Katika familia yetu mama mkubwa anaitwa Mama Asha. Siku moja binamu yangu aliniandikia ujumbe bila alama: *mama asha amelazwa*. Mimi ni mama wa watoto wawili, na binti yangu naye anaitwa Asha, jina la bibi yao. Nilikuwa safarini. Kama binamu alimaanisha "Mama Asha amelazwa", mgonjwa alikuwa mama mkubwa. Kama alimaanisha "Mama, Asha amelazwa", maana baadhi ya vijana wa kwetu huniita mama kwa heshima, mgonjwa alikuwa mwanangu. Simu yake ilikuwa imezimwa kwa saa mbili. Sitaeleza jinsi nilivyozipitisha saa hizo.

Tangu siku hiyo siamini kwamba mkato ni pambo. Katika jamii zetu, tunakomwita mtu Baba Juma na Mama Asha, mkato mmoja unaweza kuhamisha ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Nimewaza mara nyingi kwamba mwandishi mzuri angeweza kuijenga hadithi nzima juu ya mkato huo uliokosekana.

BiKalamu
Pole sana, dada. Natumaini aliyelazwa alipona.

DadaWaMwanza
Alikuwa mama mkubwa, na alipona. Asante.

PrufuYaPili
Mfano wa DadaWaMwanza ni mzito, nami sina la kuupinga. Naomba tu tutenganishe mambo mawili. Mkato wake unaondoa utata. Alama za Bi Kalamu haziondoi utata wowote; zinaongeza joto. Mimi nazungumzia joto.

SautiYaStudio
Nimesoma taarifa redioni kwa muda mrefu. Kila ninapopewa karatasi, kabla ya kuingia hewani huichora mikwaju kwa kalamu: mmoja mahali pa kupumua, miwili mahali pa kutua. Mara nyingi mikwaju yangu haiangukii penye mikato ya mwandishi. Mwandishi aliweka mkato kwa jicho, mimi naweka mkwaju kwa mdomo.

Lakini kuna alama moja ambayo siwezi kuishi bila kuiona mapema, nayo ni ya kuuliza. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kuunda swali la ndiyo au hapana. "Amerudi" na "Amerudi?" ni neno lilelile, na tofauti yote iko kwenye kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Sentensi ikiwa ndefu na alama iko mwisho wa mstari wa tatu, utakuwa umekwisha isoma kama taarifa kabla hujagundua kwamba ulikuwa unauliza. Nasikia Wahispania waliliona tatizo hili wakaweka alama iliyopinduliwa mwanzoni mwa swali.

NuktaPacha
Ni kweli. Akademia ya lugha yao iliiingiza katika kanuni za tahajia mwaka 1754. Lakini sisi tunayo yetu, tena inatamkika: "Je". Ukiweka "Je," mwanzoni, umeipindua alama ya kuuliza kwa Kiswahili. Hapo nakubaliana na PrufuYaPili kwamba maneno yetu yanafanya kazi ya alama.

SautiYaStudio
"Je" inafaa katika taarifa na mahojiano. Mke wa mvuvi hasemi "Je, Athumani hayumo?" Anasema "Athumani hayumo?" na kidatu chake kinafanya kazi yote. Ukimwekea "Je" umemvalisha koti la mwanasheria.

BukavuKwetu
Salamu kutoka Kivu. Nimefuata uzi huu kwa furaha, kwa sababu sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika Kiswahili kwa desturi nyingine ambayo huenda hamjaigundua. Wengi wetu huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza na ya mshangao, na maneno ya mhusika huyaweka ndani ya alama za pembe, hivi: « Chombo kimerudi ! » Katika mazungumzo marefu hatutumii alama za mtajo kabisa, kila msemaji huanza kwa deshi kwenye mstari mpya.

Nataja hili kwa sababu ya hisia, si ya tahajia. Deshi haimfungi msemaji kila upande. Inafungua kauli na kuiacha iende, kwa hiyo sauti ya mhusika na sauti ya msimulizi zinaweza kuingiliana bila mtu kujua mpaka uko wapi. Nilipoanza kuandika kwa alama za mtajo za Afrika Mashariki, nilihisi wahusika wangu wanazungumza wakiwa ndani ya vizimba. Siwezi kusema ni bora au ni mbaya, ila hadithi haikuwa ileile.

MsomajiMkubwa
Ndiyo maana José Saramago wa Ureno, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1998, aliacha alama zote. Kurasa nzima bila kituo.

PrufuYaPili
Hapana, ndugu. Aliacha nyingi, lakini mkato na nukta alibaki navyo, na mkato aliupa kazi kubwa mno. Katika mazungumzo, msemaji mpya alitambulika kwa mkato uliofuatwa na herufi kubwa. Hakukuwa na deshi wala alama za mtajo wala ya kuuliza. Kwa hiyo hakuondoa vituo. Aliwafukuza watumishi karibu wote na kumwongezea kazi mmoja.

Kama unatafuta aliyeondoa vyote, mtaje Guillaume Apollinaire wa Ufaransa. Diwani yake ya mwaka 1913 ilipofika kwenye prufu, alipita akafuta kila alama ya kituo.

MwanaWaLamu
Alifuta vituo, lakini alibakiwa na mstari. Mshairi anaweza kuacha nukta kwa sababu mwisho wa mstari ni nukta tosha. Hata kwetu, Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya kwanza mwaka 1974 na mabishano ya vina na mizani yakawaka, jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha ni hili: vina vilipoondoka, nani alichukua kazi yao ya kutuliza sikio? Mimi naona ni mstari uliokatwa, nafasi nyeupe na kituo. Kwa hiyo uzito wa alama katika mashairi huru ni mkubwa kuliko katika mashairi yetu ya arudhi, yaani yanayofuata vina na mizani, ambako ukizifuta zote, kina kitabaki kikisimamia.

Ritifaa tu ndiyo ambayo hata sisi hatuwezi kuiacha. Nikihitaji mizani tatu na neno "amekuja" lina nne, naandika "'mekuja". Alama ile ndogo ni stakabadhi ya silabi niliyoikopa.

MsomajiMkubwa
Nashukuru kwa masahihisho ya Saramago. Nilisoma tafsiri miaka mingi iliyopita na kumbukumbu imenichanganya. Niruhusuni basi nitaje kisa ninachokijua vizuri zaidi. Emily Dickinson wa Marekani alijaza mashairi yake deshi, fupi na ndefu. Alifariki mwaka 1886, na wahariri waliotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1890 walizibadilisha nyingi kuwa mikato na nukta ili mashairi yaonekane nadhifu. Ilipita miaka 65 kabla ya toleo la mwaka 1955 kuzirudisha. Mpaka leo wasomi wanabishana zilikuwa nini: wapo wanaosema ni pumzi, wapo wanaosema ni alama za kuongoza sauti, na wapo wanaosema ni mwandiko wa haraka wa mtu asiyetarajia kuchapishwa.

Bi Kalamu, tunza mswada wako wa kwanza wenye alama zako zote. Mhariri anaweza kuwa sahihi mwaka huu na asiwe sahihi baadaye.

UsikuMwema
Mimi sioni, nami husoma nyuzi hizi kwa programu ya kusoma skrini. Nataka kueleza jinsi mnavyosikika.

Programu hutua kidogo kwenye mkato na zaidi kwenye nukta. Alama ya kuuliza huinua sauti kidogo. Ujumbe usio na kituo hata kimoja huja kama maji ya mfereji uliopasuka, na lazima nirudi nyuma mara mbili au tatu ili nijue nani amefanya nini. Alama tatu za mshangao katika chombo changu hazina tofauti na moja, na nafasi nyeupe mnayoisifu siisikii kabisa. Kwa hiyo Bi Kalamu, kwangu mimi sentensi yako ya kwanza na ile ya mhariri zilikaribiana sana. Tofauti niliyoisikia ni kwamba penye dukuduku palikuwa na kimya kirefu kidogo. Kimya hicho nilikipenda.

BiKalamu
UsikuMwema, nimeguswa sana. Wewe ndiye uliyesikia nilichokuwa nikikitafuta. Naanza kuona kwamba alama za mshangao zilikuwa woga wangu, lakini dukuduku lilikuwa sikio langu.

PrufuYaPili
Hapo tunakaribiana. Hata mimi dukuduku ningelifikiria tena, ingawa linaahidi kwamba kuna neno limebanwa. Je, katika sentensi yako kuna neno lililobanwa, au ni muda tu unaopita? Kama ni muda, nukta mkato ingekutosha: *Chombo kimerudi; Athumani hayumo.* Alama hiyo ilichapwa Venice katika miaka ya 1490 kwa haja hiyohiyo ya mtuo uliozidi mkato na usiofika nukta, na waandishi wetu wameisusa bila sababu.

MwalimuWaMagharibi
Wameisusa kwa sababu wanaiogopa. Katika madaftari mia ninayosahihisha, nikiipata mara moja iliyotumika sawasawa, humwita mwanafunzi nikamwuliza ameijulia wapi. Hata hivyo, kwa mke wa mvuvi naiona ni baridi. Nukta mkato inapima mizigo miwili kwenye mizani moja, na huyu mama mizani yake imeanguka.

DadaWaMwanza
Mimi ningeweka mkato mtupu: *Chombo kimerudi, Athumani hayumo.* Hakuna muda kati ya mambo hayo mawili. Aliliona la pili akiwa bado analitamka la kwanza.

KijanaWaUzi
Nami ningeziondoa zote, mjue. Lakini baada ya kumsikiliza UsikuMwema, sitasisitiza.

Nina swali la pembeni. Mdogo wangu yuko Muscat, na kila ninapomwandikia hunijibu "Sawa" peke yake, au "Sawa." yenye nukta. Ile yenye nukta hunikosesha usingizi. Nukta hiyo ilipata wapi ukali?

NuktaPacha
Ilipata ukali pale ilipoacha kuhitajika. Kwenye simu, ujumbe ukishatumwa umekwisha, kwa hiyo aliyeongeza nukta ameifunga mara ya pili, kama mtu anayefunga mlango uliokwisha fungwa.

MzeeWaTaipureta
Au mdogo wake alisoma shule nzuri. Mimi binti yangu alinilalamikia kwamba jumbe zangu zote ni za hasira, kumbe ni nukta tu, na sijawahi kuacha sentensi bila nukta tangu niliposhika mashine. Muulize mdogo wako kabla ya kukosa usingizi.

SautiYaStudio
Narudi kwenye hadithi. Bi Kalamu, hakuna aliyejaribu kuweka alama ya kuuliza. *Chombo kimerudi. Athumani hayumo?* Hujagusa neno hata moja, lakini sasa si msimulizi anayetoa habari. Ni mtu aliyepo ufukweni. Anaweza kuwa mke, anaweza kuwa mtoto aliyemshika kanga. Lugha yetu inaruhusu kwa sababu ya lile nililolisema juu ya kidatu.

TalibuWaZamani
Na hapo umekaribia vile vitone vitatu vyangu. Msomaji atalazimika kuchagua ni nani anayeuliza.

PrufuYaPili
Ni nzuri, lakini inahamisha mtazamo wa hadithi nzima kwa sababu ya alama moja. Aya zilizotangulia ni za msimulizi.

BiKalamu
Nawashukuru nyote. Leo jioni nimemsomea mama yangu, ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma. Sikumweleza habari ya alama. Nimemsomea sentensi ileile mara tatu, kila mara nikifuata kituo kimoja kwa uaminifu nilioweza.

Nilipoisoma kwa nukta, alisema, "Enhe, kisha?"

Nilipoisoma kwa dukuduku, alisema, "Usinifiche, sema."

Nilipoisoma kwa alama ya kuuliza, alinyamaza kidogo, akanijibu, "Hayumo, mwanangu."

DadaWaMwanza
Na ile ya mkato?

BiKalamu
Sikumsomea, dada. Baada ya jibu lile sikuweza kuendelea. Nitamsomea kesho asubuhi, nirudi hapa.